Mkono Unaochora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sanaa na Afya ya Akili, Utotoni hadi Uzeeni

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuongoza vikundi vya sanaa: meza ndefu, karatasi, rangi, udongo, na watu wa kila umri wakiwa wameizunguka. Mimi si daktari. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale mezani.

Sijui kuchora hata kidogo. Sanaa itanifaa nini?

Hili ndilo swali la kwanza, na karibu kila anayeliuliza huliuliza kwa sauti ya chini. Itakufaa sawa na anayejua. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wakiongozwa na Girija Kaimal, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Watu wazima 39 walipewa kalamu za rangi, udongo na karatasi za kukata na kubandika, wakaachwa watengeneze walichotaka kwa dakika 45. Kabla na baada ya hapo yalipimwa mate yao ili kuona kiwango cha kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mtu anapokuwa na msongo. Karibu robo tatu yao kiwango kilishuka. Wenye uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wale wasio nao.

Jaribio lile halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo nisingependa litwishwe mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Lakini linakubaliana na ninayoyaona. Mgeni akiketi mara ya kwanza, huibana penseli mpaka ncha za vidole zinapauka, na huchora kitu kidogo sana kwenye kona, kana kwamba karatasi nzima si yake. Simwambii neno. Baada ya robo saa hivi mabega yanashuka, pumzi inatulia, na mstari unaanza kutoka kwenye kona ile. Picha yenyewe inaweza kuwa mbaya kabisa. Kilichomsaidia ni ile robo saa.

Kuchora kwa kujiburudisha na tiba kwa sanaa ni kitu kimoja?

Hapana, na ni muhimu kuvitofautisha. Kuchora nyumbani au kwenye kikundi kama changu ni shughuli inayotuliza na kujenga, kama vile kutembea au kuimba. Tiba kwa sanaa ni huduma inayotolewa na mtu aliyesomea, anayejua saikolojia na anayejua namna ya kumshika mkono mgonjwa pale picha inapofungua jambo zito. Nchini Uingereza, kwa mfano, jina la kazi hiyo linalindwa na sheria: huwezi kujiita mtaalamu wa tiba hiyo bila kusajiliwa.

Jina lenyewe lina historia fupi. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliugua kifua kikuu mwishoni mwa miaka ya 1930, akalazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa kifua. Wagonjwa wa aina hiyo walilazimika kulala miezi na miezi, maana dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo zilikuwa hazijapatikana. Hill akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona vinamsaidia, akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo wanajeshi waliorudi kutoka vitani. Mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Nchini Marekani, katika miaka hiyohiyo, Margaret Naumburg alikuwa akiitumia michoro kama njia ya kuingia kwenye yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema. Napenda kwamba mmoja wa waanzilishi alikuwa mgonjwa mwenyewe, amelala chali, hana la kufanya ila kutazama.

Ni nini hasa kinachotokea mtu anapochora?

Mambo kadhaa kwa pamoja. Macho na mikono vinapewa kazi moja, na akili iliyokuwa ikizungukia jambo lilelile inapata mahali pa kutua. Unafanya maamuzi madogomadogo, bluu au kijani, hapa au pale, na hakuna anayeumia ukikosea. Kwa mtu ambaye maisha yamemnyang'anya uamuzi, hospitalini au kwenye msiba, hilo si dogo. Tena kilicho ndani kinatoka nje, kinakuwa kitu kilichopo mezani ambacho unaweza kukitazama, kukigeuza, hata kukifunika.

Watu wengi hudhani sanaa husaidia kwa sababu unamwaga hasira na huzuni kwenye karatasi. Wakati mwingine ni hivyo. Hata hivyo, Jennifer Drake na Ellen Winner, watafiti wa Marekani, waliwafanya watu wapate huzuni kwanza, kisha wakawaambia wengine wachore kile kinachowahuzunisha na wengine wachore kitu kingine kabisa. Waliochora kitu kingine ndio waliopata nafuu zaidi kwa muda ule mfupi, watu wazima kwa watoto. Kwa hiyo usijilazimishe kuchora jeraha lako. Ukichora kikombe kilicho mbele yako, na ukakitazama vizuri hadi ukaona kwamba ukingo wake si duara, bali yai lililolala, umefanya kazi ya kutosha kwa jioni moja.

Mwanangu ana miaka miwili, anachafua karatasi tu. Kuna faida?

Ipo, na si kuchafua. Tangu umri wa mwaka mmoja na nusu hivi mtoto hugundua jambo kubwa: mkono wangu umepita hapa, na alama imebaki. Anajifunza kwamba yeye ni mtendaji. Mistari ya ovyo hufuatwa na mviringo, na kwenye miaka mitatu au minne anazaliwa yule mtu maarufu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotokea kidevuni, asiye na kiwiliwili. Watoto wa pande nyingi za dunia humchora mtu huyo bila kufundishwa.

Mpe karatasi kubwa, krayoni nene, na sakafu isiyomtia mama wasiwasi. Usimuulize "Hiki ni nini?" maana mara nyingi si kitu, ni mwendo. Sema unachokiona: "Umezunguka, umezunguka, halafu ukasimama hapa." Mtoto akisikia hivyo hujua ametazamwa, na ataendelea.

Wa miaka kumi amegoma. Anasema hajui kuchora, na zamani alikuwa anachora kila siku.

Karibu wote hufika hapo, kati ya miaka tisa na kumi na mbili. Jicho limekua haraka kuliko mkono: sasa anaona kwamba farasi wake hafanani na farasi, na anaona aibu. Wengi tulioacha kuchora tuliacha katika umri huo, na tukabaki tukiamini kwamba hatuna kipaji.

Usimsifie kwa uongo, atakugundua. Mpe njia ambazo kufanana hakuna nafasi: kukata magazeti na kubandika, kufinyanga, kuchapa kwa majani, kushona, kupiga picha. Au mfundishe ufundi anaoutafuta, kwa kuwa anautafuta kweli: namna ya kuweka kivuli, namna ya kuchora umbo kwa kutazama nafasi iliyo kando yake.

Mtoto amechora moto, bunduki, mtu aliyekufa. Niogope?

Nielewe vizuri hapa, kwa sababu wazazi wengi huchukua picha moja na kuisoma kama majibu ya maabara. Picha moja haisemi hivyo. Rangi nyeusi inaweza kuwa imetumika kwa sababu ndiyo krayoni iliyokuwa bado haijavunjika. Mtoto huchora ya kutisha kwa sababu ameyasikia, ameyaona kwenye televisheni, au anayapunguza ukubwa: zimwi lililochorwa lina mwisho, linaishia kwenye ukingo wa karatasi.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Friedl Dicker-Brandeis. Alikuwa msanii Myahudi kutoka Vienna. Mwishoni mwa 1942 Wanazi walimpeleka kwenye geto la Terezín, mji uliogeuzwa kuwa mahali pa kuwafungia Wayahudi, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Sehemu ya mzigo mdogo alioruhusiwa kubeba aliijaza vifaa vya sanaa, na huko ndani akawafundisha mamia ya watoto kwa siri na kwa uhaba, wakichora kwenye fomu zilizokwisha kutumika na mabaki ya karatasi. Hakuwaambia wachore mateso. Aliwapa mazoezi ya mdundo, ya mistari, ya rangi, ya kutazama maua. Wengine walichora nyumba walizotolewa, wengine vitanda vya ghorofa na walinzi. Mwaka 1944 alipelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz akauawa, na wengi wa watoto wale pia waliuawa. Michoro yao kama 4,500 ilifichwa kwenye masanduku mawili, ikapona, na leo imehifadhiwa kwenye Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini Prague. Mwanafunzi wake wa awali, Edith Kramer, alikimbilia Marekani na kuwa miongoni mwa waasisi wa tiba kwa sanaa kwa watoto.

Mimi hujifunza kwake kwamba mtoto aliyeona mabaya anahitaji kwanza mtu mzima aliyetulia kando yake na kazi ya mikono iliyo na mpangilio. Kuhojiwa kuhusu picha kunaweza kungoja. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko yasiyopita: mtoto hapati usingizi, hataki kula, amerudi kukojoa kitandani, anarudia picha ileile wiki baada ya wiki bila kubadilisha chochote, au anasema waziwazi kwamba kuna mtu anamuumiza. Hapo tafuta mtaalamu, na usingoje picha nyingine.

Kijana wangu anachora chumbani na hataki nione.

Mwache. Daftari lile ni la siri yake, na kuwa na mahali pa siri ni sehemu ya faida. Mnunulie jingine likiisha. Ukilifungua kwa kificho, utapoteza zaidi ya utakachokiona.

Mimi nina kazi na watoto. Muda nitautoa wapi?

Dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki, zinatosha kuanza. Nasema hivyo baada ya kuona wengi wakinunua vifaa vya mwaka mzima, wakapanga Jumamosi yote, na Jumamosi hiyo haikufika. Weka daftari dogo na kalamu moja mahali unapokaa ukiwa umechoka. Chora mkono wako wa kushoto. Kesho uchore tena.

Kuchorachora unapoongea na simu au ukiwa mkutanoni nako si utovu wa adabu kama tulivyofundishwa. Mwanasaikolojia wa Uingereza Jackie Andrade aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliochosha makusudi. Waliopewa maumbo ya kujazia kwa penseli walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao waliokaa tu.

Vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima ni sanaa kweli?

Sijali sana kama ni sanaa, vinatuliza. Mwaka 2005 Nancy Curry na Tim Kasser waligundua kwamba kupaka rangi kwenye michoro ya duara yenye mpangilio kulipunguza wasiwasi zaidi ya kupewa karatasi tupu. Kwa aliyelemewa, karatasi tupu ni swali jingine la kujibu. Anza na duara. Siku ukichoka kukaa ndani ya mistari ya mtu, chora yako.

Nina sonona. Naweza kuchora badala ya kwenda hospitali au kunywa dawa?

Tafadhali usifanye hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sanaa ikae kando ya matibabu, isikae kwenye kiti chake.

Nasema haya nikiipenda kazi hii kwa moyo wote, na ndiyo maana sitaki iahidi isichokiweza. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa nchini Uingereza lililohusisha watu 417 wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Wengine walipangiwa vikundi vya tiba kwa sanaa pamoja na matibabu ya kawaida, wengine shughuli nyingine za kikundi, wengine matibabu ya kawaida peke yake. Vikundi vya sanaa havikuleta nafuu iliyopimika katika utendaji wao wa jumla, na wengi waliopangiwa hawakuhudhuria mara nyingi. Upande wa pili, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kuonyesha kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu, tangu utoto hadi miisho ya maisha. Yote mawili ni kweli. Inasaidia wengi, kwa namna fulani, si kila mtu kwa kila ugonjwa.

Na kama una mawazo ya kujidhuru, zungumza na mtu leo: ndugu, rafiki, kituo cha afya kilicho karibu.

Nina miaka 70 na ushee, mikono inatetemeka. Si nimechelewa?

Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa Marekani aliyejulikana kama Grandma Moses, alikuwa akidarizi picha hadi baridi yabisi ilipomfanya ashindwe kushika sindano. Akahamia kwenye brashi, akiwa na miaka inayokaribia 80, na akaendelea kuchora hadi alipokaribia kifo chake mwaka 1961, akiwa na miaka 101. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941. Baadaye, asipoweza kusimama mbele ya turubai, alikaa kwenye kiti cha magurudumu au kitandani, akachukua mkasi na karatasi zilizopakwa rangi, na zile kazi za kukata ni miongoni mwa zinazopendwa zaidi katika maisha yake yote.

Angalia walichofanya: mwili ulipokataa njia moja, walibadili kifaa. Mkono ukitetemeka, nenesha mpini wa brashi kwa kuuzungushia sponji na utepe, bandika karatasi mezani isitembee, egemeza kiwiko, tumia rangi nzito badala ya kalamu nyembamba. Macho yakififia, tumia kalamu nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe, au nenda kwenye udongo, ambao hauhitaji macho.

Kuhusu ubongo, watafiti wa Ujerumani mwaka 2014 waliwagawa wastaafu 28: nusu walitengeneza sanaa kwa wiki kumi, nusu walijifunza kuitazama na kuijadili makumbusho. Waliotengeneza ndio walioonyesha mawasiliano bora zaidi kati ya sehemu za ubongo, na ustahimilivu zaidi wa kisaikolojia. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, wameonyesha kwamba neno ulilolichora hukaa kichwani kuliko ulilolinakili, kwa vijana na kwa wazee. Jaribu kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Bado inafaa?

Ndiyo, na hapa ndipo nimeona mengi ambayo siwezi kuyaweka kwenye takwimu. Ugonjwa wa Alzheimer hula kwanza kumbukumbu za mambo ya karibuni na majina; mazoea ya mikono hudumu muda mrefu zaidi. Bibi mmoja aliletwa na binti yake, na siku hiyo alikuwa hamtambui. Nilimpa kitambaa kilichokazwa kwenye fremu na sindano iliyokwisha kutungwa uzi. Kabla ya kushona aliigeuza fremu, akapapasa upande wa nyuma kwa kidole gumba kutafuta fundo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha akashona mishono sita, yote ya urefu mmoja, akamtazama binti na kumwambia, "Uzi wako mrefu mno. Kata mfupi, mwanangu."

Kijana yeyote huitwa "mwanangu". Binti alilipokea hivyohivyo, akakata uzi.

Usimsahihishe mgonjwa. Akipaka maji ya bluu juu ya uso wa mtu, ni sawa. Mpe vitu viwili vya kuchagua, si kumi. Ondoa mezani chochote kinachofanana na kinywaji, hasa kikombe cha kuoshea brashi. Usimpe kazi za kitoto zenye katuni, kwa sababu heshima yake haijasahaulika hata kama yeye amesahau. Mchoraji William Utermohlen, Mmarekani aliyeishi London, aliambiwa mwaka 1995 kwamba ana ugonjwa huu, na kwa miaka kadhaa aliendelea kujichora uso wake. Nyuso zile zinazidi kupoteza mpangilio, lakini kila moja imechorwa na mtu aliyekuwa bado anatafuta.

Vifaa gani ninunue, na kuna hatari yoyote?

Penseli laini, kifutio, daftari lenye karatasi nzito kidogo, na rangi za maji au krayoni. Vingine vitakuita vyenyewe.

Hatari zipo, chache na za kuepukika. Kwa watoto tumia rangi zilizoandikwa kwamba hazina sumu. Baadhi ya rangi za kitaalamu zina madini ya risasi au kadimiamu, ambayo ni sumu. Usinyooshe ncha ya brashi kwa midomo. Rangi za mafuta na tapentaini zitumike madirisha yakiwa wazi. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa kwenye ndoo, kwani kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze kikauke nje. Udongo uliokauka usifagiliwe, ufutwe kwa kitambaa kibichi, maana vumbi lake huumiza mapafu.

Nisipopenda kutengeneza, kutazama kunatosha?

Kutazama nako kuna uzito. Daisy Fancourt na Andrew Steptoe walifuatilia watu 6,710 wa Uingereza wenye miaka 50 na zaidi kwa miaka 14, na waliokuwa wakienda makumbusho, maonyesho au tamasha kila baada ya miezi michache walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 31, hata baada ya kuzingatia mali na afya zao. Haithibitishi kwamba maonyesho ndiyo yaliyowaongezea siku. Hata hivyo, nenda. Na ukirudi, chora kitu kimoja ulichokikumbuka.

Nikimaliza picha, nimwonyeshe nani?

Si lazima umwonyeshe yeyote. Ukitaka, chagua mtu mmoja asiye na haraka ya kusema "nzuri", na mwambie mapema unachotaka: atazame tu, au akuulize. Nisingekushauri uitume kwenye simu usiku huohuo, maana utaanza kuhesabu waliopenda. Iache mezani hadi kesho. Nyingine utazitunza, nyingine utazichana, na kuchana pia kunaruhusiwa. Utakazozitunza, ziandike tarehe nyuma, kwa penseli, kwa sababu wino hupenya hadi mbele.